Bahari Kupandishwa Kileleshwa

Mtu wa Pwani akihamia Nairobi huchukua kila kitu chake kinachochukulika. Huchukua mbuzi ya kukunia nazi, huchukua udi na chetezo, huchukua mkeka wa kusalia, na wengine nawajua waliopakia hata kitanda juu ya basi pale Mwembe Tayari. Kitu kimoja tu huachwa nyuma, nacho ni bahari. Kwa hivyo niliposikia kuwa yuko bibi mmoja, mzaliwa wa Lamu, anayetaka kuiweka bahari ndani ya sebule yake katika ghorofa ya Kileleshwa, pamoja na mwamba wake na samaki wake, kwanza nilicheka. Kisha nikaenda kutazama.

Kisa chenyewe, msomaji, ni hiki. Bibi huyu ni mhasibu katika ofisi moja ya mjini, na anakaa na babake, nahodha wa majahazi aliyestaafu, ambaye katika ujana wake alikuwa akienda Kismayu na kurudi kama wewe na mimi tunavyokwenda sokoni. Mzee ana maradhi ya figo. Mara mbili kila juma hupelekwa hospitali kuoshwa damu kwa mashine. Alipoletwa Nairobi ilisemwa ni kwa miezi mitatu, na sasa ni mwaka wa nne. Siku hizi matibabu hayo hupatikana Pwani pia, lakini watoto wake wote wako huku, na kule hapana wa kumshika mkono. Mzee halalamiki. Ila kila asubuhi, akishasali, hukaa dirishani akatazama ukuta wa ghorofa ya pili yake, akahesabu mwezi kwa vidole, akasema: "Leo Shela maji yametoka mpaka mwambani." Bintiye alikuwa akiyasikia maneno hayo kila siku huku akitafuta funguo za gari, mpaka siku moja yakamwingia.

Kufuga viumbe vya baharini ndani ya kioo si jambo geni duniani. Waingereza walifungua nyumba ya samaki katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, na watu wakapigana vikumbo kwenda kutazama. Lakini viumbe vile vilikuwa vya bahari ya baridi. Mwamba wa nchi za joto, na matumbawe yaliyo hai, ulishinda wengi kwa zaidi ya miaka mia. Aliyewaonyesha watu njia alikuwa mtu wa Jakarta, huko Indonesia, jina lake Lee Chin Eng. Mwaka 1961 aliandika katika gazeti moja la wafugaji wa samaki la Marekani kwamba siri si mashine nyingi, bali ni mawe ya baharini yaliyojaa uhai, maji safi, mwanga wa kutosha na mapovu ya hewa. Lakini yeye alikuwa karibu na bahari. Akihitaji maji alikuwa akiyateka. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na kilomita karibu 500 kutoka Mombasa, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu.

Hodhi lilipimwa futi tano kwa urefu, mbili kwa upana na mbili kwa kina. Ukilijaza pomoni ni lita 560 hivi, na kila lita ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Ongeza mawe, ongeza kioo cha milimita 12, ongeza meza ya chuma ya kulibebea, na ndani ya sebule una mzigo unaokaribia robo tatu ya tani. Bibi akamwita mhandisi wa majengo kabla ya kumwita fundi wa vioo, na hilo lilinipendeza. Mhandisi akasema likae ubavuni mwa ukuta, juu ya boriti, wala si katikati ya chumba alikotaka yeye. Fundi wa vioo alipatikana Industrial Area. Alikatazwa kutumia gundi ya silikoni ya bafuni, kwa kuwa nyingi hutiwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo haijui tofauti ya kuvu na samaki. Chini ya meza likawekwa hodhi la pili, dogo, ambamo maji hushuka, hupashwa moto, husafishwa, kisha husukumwa juu tena kwa pampu. Humo mna mtungi mmoja ambao Nahodha aliutambua mara moja, maana hufanya kazi ya upepo wa kusi: huyapiga maji yakatoa povu, uchafu ukanata katika povu, povu likapanda na kumwagwa. Atembeaye ufukweni wakati wa kusi ameliona povu lile la rangi ya chai.

Sasa maji. Nairobi hunywa maji ya bwawa la Ndakaini na Sasumua na kwingineko, nayo huja kwa mgao, na yakija yana klorini. Siku ambazo hayaji, maghorofa ya upande wa magharibi, Kileleshwa, Lavington, Kilimani, hutumia maji ya visima virefu, na mengi ya visima hivyo yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Hakuna hata moja katika maji hayo linalofaa kuwekwa matumbawe. Dawa yake ni kichujio cha utando mwembamba mno, ambao maji hulazimishwa kupita kwa nguvu yakaacha nyuma karibu kila kitu. Bibi hakulijua jambo hili kwa wauza samaki. Alilijua hospitalini. Chumba cha pili kutoka kitanda cha babake kuna mtambo huohuo, kwa sababu maji yanayokutana na damu ya mgonjwa katika mashine hayana budi kutolewa klorini na madini. Yakipita vivyo hivyo huvunja chembe za damu. Aliniambia: "Ami, nilipomuuliza fundi wa hospitali habari ya kichujio cha samaki, alinitazama akacheka, akasema ni kilekile, tofauti ni ukubwa." Ubaya wake ni kwamba kwa kila lita moja iliyo safi, lita kadhaa humwagwa. Bibi huziweka kwenye mapipa, akapigia deki na kumwagia chooni. Kwa mgao wa Nairobi, kumwaga maji ni aibu.

Kisha chumvi. Wengi wameniuliza: si kuna chumvi tele Gongoni, kule mbele ya Malindi, inayotokana na bahari hiyohiyo? Ni kweli, lakini chumvi ya kupikia ni sehemu tu ya bahari. Maji yanapokaushwa katika mashamba ya chumvi, inayochukuliwa ni ile ya mezani, na magnesi na vinginevyo hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Tumbawe hujenga nyumba yake kwa chokaa iliyomo majini, kiasi cha miligramu 400 na kitu za kalsi katika kila lita, na lisipoipata halijengi. Kwa hivyo hununuliwa chumvi maalumu iliyochanganywa kiwandani ng'ambo, gramu 35 kwa lita, na hodhi kama lile humeza kilo 17 na nusu kwa mara ya kwanza. Baadaye kila juma hubadilishwa lita 50. Jumla ya gharama siitaji. Mwenye nyumba amenikataza, na msomaji akipiga hesabu mwenyewe ataelewa kwa nini. Hata hivyo mtungi mmoja wa lita 20 ulikuja kwa basi kutoka Shela, ukamiminwa juu ya yote, mzee akisoma Bismillahi.

Watu wengi wangelidhani kuwa maji ya hodhi yakipungua huongezwa maji ya chumvi. Sivyo. Hewa ya Nairobi ni kavu, hunyonya lita kadhaa kwa siku, lakini hunyonya maji tu na kuacha chumvi. Ukiongeza ya chumvi, mwisho wa mwezi una kachumbari. Huongezwa maji baridi, kidogo kidogo, usiku na mchana.

Na kuna baridi na kuna hewa. Bahari yetu haishuki sana chini ya nyuzi 24 hata wakati wa kusi, ilhali usiku wa Julai huko Kileleshwa unaweza kukaribia nyuzi 10. Bibi alinunua mjini kipasha maji cha kwanza kwa bei ya kuteremshwa, kutoka duka ambalo silitaji, na kilikuwa hakijui kujizima. Bahati njema hodhi lilikuwa bado tupu la samaki. Sasa ana viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa: kimoja kikifa, cha pili huzuia baridi, kimoja kikikataa kuzimika, peke yake hakina nguvu ya kuchemsha. Ama hewa, kwa kuwa tuko juu, mkandamizo wake ni pungufu kwa karibu moja kwa tano kuliko wa Mombasa, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Samaki aliyetoka Kilifi hupanda mlima kama sisi, ila yeye hana la kufanya. Yabidi uso wa maji uvurugwe daima.

Daima, nimesema, na hapo tunafika kwenye umeme. Mwaka 2016, tarehe 7 Juni, kima mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Yeye mwenyewe alitoka mzima. Na usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, giza lilifunika sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika, na pako mahali palipokaa bila taa karibu siku nzima. Mwamba wa baharini hauhitaji taa usiku, lakini maji yakisimama saa chache hodhi huanza kukosa pumzi. Bibi akaenda Luthuli Avenue, ambako hakuna kitu cha umeme kisichopatikana, akanunua betri na inveta ya kuendesha pampu moja tu. Niliposhangaa kuwa inaachwa pampu moja na taa zote zinazimwa, Nahodha alinijibu yeye: "Chombo kikipigwa na dhoruba, watupa shehena, huitupi usukani."

Sasa nifike kwenye mwamba wenyewe, maana ndipo palipozuka hoja.

Tumbawe si jiwe, wala si mti. Ni wanyama wadogo maelfu, kila mmoja na mdomo wake, waliojenga nyumba moja ya chokaa, na ndani ya miili yao wameweka mimea midogo isiyoonekana kwa jicho. Mimea hula mwanga na kuwalipa wenyeji wao chakula. Ndiyo rangi yao hiyo. Maji yakizidi joto kwa nyuzi moja au mbili majuma kadhaa, mimea hufukuzwa, tumbawe huwa jeupe kama mfupa, na lisipopoa hufa. Mwaka 1998 tuliyaona hayo Pwani nzima. Miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake. Imetokea tena 2016, na tena 2024. Tuliosoma chuoni tumepita mara nyingi katika Surat Ar-Rahmaan panapotajwa lulu na marijani miongoni mwa neema, na hatukuwahi kuambiwa kuwa neema hiyo inaweza kufa kwa homa.

Bibi alitaka matumbawe hai. Vijana wawili walimwambia wanaweza kumletea kwa bei nafuu, "freshi kutoka baharini," usiku kwa basi. Lakini kung'oa matumbawe hai kumepigwa marufuku Kenya, wala si katika hifadhi za bahari peke yake, kama Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968. Matumbawe magumu yote yamo pia katika mkataba wa CITES, kwa hivyo hata yaliyopandwa kwenye mashamba ya ng'ambo hayaingii nchini bila hati. Bibi, kama watu wengi wa mjini, alisema: kipande kimoja tu, kwa ajili ya mgonjwa, kina dhara gani?

Babake ndiye aliyemkatalia. Hakumtajia sheria. Alimuuliza: "Mwanangu, chombo changu nilikuwa nikikitia nanga wapi?" Akajibu, mchangani. "Kwa nini si mwambani?" Akanyamaza. Mzee akaendelea kusema kuwa wazee wetu walikata matumbawe mabichi, ndiyo, na mihrabu nyingi za Pwani zimechongwa kwayo, hata ule msikiti wa Kizimkazi kule Unguja wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra. Lakini wao, akasema, waliyakata bahari ikiwa na afya, na walikata ili watu wasujudu, si ili mtu atazame.

Basi ikaamuliwa mwamba ujengwe kwa mawe makavu. Sisi Pwani hatuna upungufu wa hayo. Mawe yanayochimbwa Kilifi na Mtwapa kwa kujengea ni mwamba wa kale uliokuwa hai chini ya maji kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, kisha bahari ikashuka ukabaki nchi kavu. Vilichaguliwa vipande vyenye matundu mengi, vikasuguliwa, vikalowekwa katika maji baridi mwezi mzima ili vumbi litoke, vikapangwa kama pango lenye milango miwili. Nahodha aliviona akasema ni jiwe lilelile la nyumba yake ya Lamu, tena lenye matundu ni rahisi kushika lipu.

Jiwe kavu halina uhai, na uhai wake hauharakishwi. Bibi alitia kipande cha kamba alichonunua City Market, kikaachwa kuoza ndani ya maji. Uozo hutoa amonia, sumu kali kwa samaki. Wakaja vijidudu wa kwanza wakaigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wakaja wa pili wakaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Vijidudu hao huota katika matundu ya mawe. Majuma sita kila jioni bibi alipima maji kwa vichupa vya rangi, na majuma sita wageni waliokuja walitazamishwa hodhi lenye mawe na maji matupu, wakasema mashaallah kwa adabu. Harufu ilipanda kidogo. Mzee pekee ndiye aliyefurahi. Alisema ni harufu ya pwani maji yakitoka.

Siku amonia ilipofika sifuri ndipo mzee alipotuuliza swali alilokuwa nalo siku zote: "Hawa nswi mwawafungiani?" Nswi ni samaki kwa Kiamu. Nilimkumbusha, naye anajua kuliko mimi, habari ya mtoto Abu Umayr na kijindege chake, na jinsi wanazuoni walivyotoa humo ruhusa ya kufuga ndege kwa sharti la kumtunza. Akanikumbusha naye yule mwanamke aliyemfunga paka bila ya kumlisha. Tukakubaliana kwa sharti lake: asiletwe kiumbe ambaye chakula chake hakimo ndani ya nyumba.

Sharti hilo lilifagia nusu ya orodha ya bibi. Kitatange na jamaa zake, hao wenye rangi za kanga mpya, wengi wao hula matumbawe yenyewe, na penye mawe makavu watakufa njaa wakiwa wamependeza. Pono akatolewa kwa sababu hukua mkubwa na kutafuna mawe. Akatolewa pia yule msafishaji mdogo mwenye mstari mweusi, ambaye mwambani samaki wakubwa humpangia foleni awatoe wadudu mwilini. Huyo hukamatwa sana kwa biashara, lakini ukimwondoa mwambani umewanyima wengi daktari, na ndani ya kioo hana wagonjwa wa kumtosha.

Biashara hiyo, nikiongeza kwa haraka, ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Aina zaidi ya 200 za samaki wa mapambo hukamatwa Pwani ya Kenya kwa leseni, wavuvi wakizamia na vyandarua vidogo, wakalipwa kwa kichwa cha samaki, na wengi wa samaki hao hupanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Pako mahali watu walichoka. Kuruwitu, upande wa Vipingo, wenyeji walianzisha chama mwaka 2003 baada ya kuona mwamba wao umekwisha kwa uvuvi na kwa wachukuaji wa samaki wa mapambo, wakafunga kipande cha bahari cha kiasi cha hekta 30 wasivue humo, na samaki wakarudi. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta na Umoja wa Mataifa. Ningependa mtu anayenunua samaki wa kioo Nairobi aanze kwa kuuliza alikamatwa wapi.

Walioletwa mwisho ni saba. Wawili ni wale wa rangi ya machungwa na mistari myeupe wanaokaa katika anemoni, kiumbe afananaye na ua ambaye mikono yake huchoma kila mtu isipokuwa wao. Hao wote huzaliwa madume. Aliye mkubwa ndiye hugeuka jike, na akifa yeye mumewe hushika nafasi yake. Nahodha alipoelezwa hayo alistaghfiru, kisha akaomba aelezwe tena. Watano waliobaki ni wadogo wa kuchimba mchanga na kula makombo. Walikuja kwa basi la usiku kutoka Kilifi, kila mmoja katika mfuko wake wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, ndani ya sanduku la kuzuia baridi, wakiwa hawakulishwa siku mbili ili wasiyachafue maji yao. Mmoja hakufika hai. Chakula chao ni kamba na samaki wa City Market waliosagwa wakagandishwa.

Upande wa kulia wa mwamba pameachwa pahali patupu. Bibi ameandika maombi ya kuleta vipande vya matumbawe yaliyopandwa, kwa hati zote, na hajajibiwa bado.

Juzi nilipokwenda nilikuta baba na binti wanabishana juu ya pampu ya mawimbi. Ni pampu ambayo hupangiwa kasi na upande wa kusukuma, na fundi alikuwa ameipangia kasi moja siku zote. Mzee alisema hakuna bahari ya namna hiyo. Alitaka isukume kwa nguvu siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na ipunguzwe siku za maji mafu, na kila siku ichelewe kwa muda kidogo kama maji ya Shela yachelewavyo. Bibi akaleta kalenda ya Hijria na karatasi, akakaa chini miguuni pake, akaandika saa alizokuwa akitajiwa. Mwezi ulikuwa saba. Pampu ikapunguzwa, mchanga ukatulia, na wale wawili wa rangi ya machungwa wakatoka pangoni.